Dawa Aliyoiacha Tausi

Usiku ule wa kuamkia siku yangu ya kutoka gerezani, Tausi alikuja akakaa kwenye ukingo wa mkeka wangu. Nilijua amekufa. Hata ndotoni nilijua, maana dada yake ndiye aliyetuletea habari siku ya kutembelewa, akalia mpaka askari wa zamu akamletea kiti. Lakini sikumwogopa. Nilimsogezea blanketi kama zamani, tulipokuwa tukilala ubavu kwa ubavu, wagonjwa wawili wa sukari wa bweni letu, tukiamka pamoja kwenda kuchomwa sindano.

Amevaa gauni lake la kutokea, lile la maua ya njano. Midomo imemkauka. Ananiomba maji, nampa kikombe, anakunywa na kunywa, maji hayapungui wala kiu haiishi.

Kisha ni asubuhi ile aliyotoka. Bweni zima tumemzunguka. Kwetu anayetoka habebi kitu cha gerezani wala hageuki nyuma. Akibeba au akigeuka, atarudi. Anagawa ndoo, anagawa sabuni, anavua hata kandambili. Mwisho anaweka mkekani kifurushi cha gazeti alichopewa na nesi, insulini na sindano za kuanzia maisha ya nje. Tunampigia vigelegele. Anakwenda peku, shingo kaikaza, nami namwita arudi na sauti haitoki.

Sasa lango limekuwa dirisha la mapokezi ya hospitali, na mimi niko nyuma yake kwenye foleni. Karani hainui uso. Anataka kadi ya bima. Tausi anamweleza kwamba kadi haitoki bila kitambulisho, na kitambulisho chake kilichukuliwa siku aliyokamatwa, hajui kiliko. Anaeleza kwa adabu, mikono nyuma, kama tulivyozoeshwa kusimama mbele ya afande.

"Ulikuwa unatibiwa wapi?" karani anauliza.

"Gerezani."

"Basi rudi hukohuko."

Nilipandwa na hasira, nikataka kukivunja kile kioo. Mkono wangu ukapita kana kwamba ni moshi. Karani akamwita mwingine. Foleni ikasogea, ikampita Tausi, ikanipita na mimi. Hapo ndipo nilipotazama chini nikaona kwamba na mimi niko peku, mikononi sina kitu.

Tausi akanigeukia. Alikuwa mtu wa masihara, sindano ya asubuhi akiiita chai yetu. Safari hii hakucheka.

"Shoga yangu, niliacha dawa kwa kuogopa kurudi humu," akasema. "Kumbe huko nje hawakunitaka. Wewe kesho beba. Na ukihitaji kugeuka, geuka."

Niliamka mdomo mkavu, kumeanza kupambazuka. Wenzangu walikuwa wameshakaa kunizunguka, wanasubiri mgao. Niliwapa ndoo, sabuni na blanketi, kwa roho safi. Kifurushi changu mwenyewe cha insulini, alichonipa nesi, nilikifunga kwenye pindo la khanga. Nyapara wetu, mama mtu mzima anayetupenda sote, alikitazama kile kifundo akatikisa kichwa.

"Utarudi wewe."

"Afadhali nirudi, mama. Tausi hatarudi."

Nilikwenda mpaka langoni. Nikakumbuka kwamba sina hata kipande cha karatasi cha kumwambia mtu wa nje ninachomwa dawa gani, kiasi gani. Nikageuka. Nilirudi mbele ya macho yao wote mpaka dirisha la zahanati, nikamwomba nesi aniandikie na kunigongea muhuri. Alikuwa na kazi nyingi, akaniambia nisubiri. Nikasubiri mpaka akanipa. Kama karani wa huko nje ataikubali karatasi hiyo, sijui. Nina uchungu, na sina imani naye hata kidogo. Lakini atalazimika kuinua uso aisome.

Nilipopita bweni mara ya pili, hakuna aliyenipigia vigelegele.