Lori Lililosimama Kwenye Kompyuta

Mwezi uliopita nilirudi Kitale kwa harusi ya binamu yangu, na nilipokuwa natafuta mahali pa kuegesha gari nikajikuta mbele ya yadi ya zamani. Nakwambia, sikuitambua. Palipokuwa na malori sasa pana duka kubwa la mabati na saruji, na pale penye geti ameketi mama anachoma mahindi. Kitu kimoja tu hawakukiondoa: mlingoti mrefu wa chuma nyuma ya ukuta, ule uliobeba waya wa redio ya mama yangu. Kunguru wamejenga kiota juu yake. Nilisimama nikiutazama hadi binamu akanipigia simu kuuliza kama nimepotea.

Mama alikuwa mtu wa redio. Sisemi redio ya habari na nyimbo, nasema redio ya kuitana, ile ya kubonyeza kitufe ukiongea na kukiachilia ukisikiliza. Yadi ilikuwa ya tajiri mmoja aliyekuwa akisafirisha mahindi ya Kitale na Endebess, na maharagwe yaliyonunuliwa soko la Bungoma, kuyapeleka kaskazini, Turkana, kwenye joto na mchanga. Miaka hiyo ya elfu mbili na kidogo, simu ya mkono alikuwa nayo meneja na watu wachache, na hata wao wakishapita Kapenguria ilikuwa ya kutazamia saa tu. Kwa hivyo lori likishaondoka, uzi uliobaki kati yake na sisi ulikuwa sauti ya mama.

Nikitoka shule nilienda moja kwa moja ofisini kwake, chumba cha mabati kilichonuka dizeli, magunia ya mkonge na chai iliyochemka kupita kiasi. Mwezi wa saba, Kitale ikiwa baridi ya kung'ata masikio, aliniwekea miguu karibu na jiko la makaa na kunipa githeri kwenye kifuniko cha sufuria. Redio ilichachatika kama vitunguu kwenye mafuta. Kisha katikati ya ule mchachatiko ilitoka sauti ya mtu, ndogo, ya mbali, kama anaongea akiwa ndani ya mtungi.

Ukutani palikuwa na ubao mweusi, na mama aliandika kwa chaki gari gani liko wapi na linarudi na nini. Kazi yake haikuwa kuita tu. Dereva aliyekuwa akirudi alimwambia mvua inanyesha milimani, na mama alimwita redioni aliyekuwa akienda, akamwambia, "Usivuke. Lala hapo hapo, chemsha chai." Mito ya kule ni ya ajabu. Asubuhi ni mchanga mtupu na mbuzi wanapita, jioni ni maji mekundu yanayobeba miti. Dereva asipojibu, mama alimwita mara tatu, kisha akasema, "Sawa, nimekukosa. Tutajaribu kesho." Sikumbuki hata siku moja ambayo kesho yake haikuleta jibu.

Kati ya madereva wote, mmoja alikuwa wetu. Alikuwa jirani, mlango wake ukitazamana na wetu kwenye ploti moja karibu na Kipsongo. Kwao ni Bungoma, na ulimi wake haukuwahi kuhama huko. Gari lake lilikuwa nambari saba.

"Kitare, Kitare, hapa Saba. Unanipata?"

"Nakupata, Saba. Barabara iko aje?"

"Barabala ni mbaya, dada, lakini tunasonga. Mwambie mama watoto asipike mrenda wote, anibakishie."

Na mama watoto alikuwa hapo hapo. Mke wa jirani aliuza mandazi kwa wapakiaji wa yadi, na jioni ikifika alikuja na beseni lake tupu kusimama dirishani kwa mama. Hakuwahi kuingia. Aliegemeza kiwiko kwenye fremu, akasikiliza sauti ya mumewe, akacheka chini kwa chini, kisha akaenda kupika. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba ana mume. Wapakiaji walimtania ati ameolewa na redio.

Kisha yadi ikapata kompyuta. Sitaki nikudanganye kwamba ilikuwa mbaya. Tajiri alileta kijana mpole aliyesomea mambo hayo Nairobi, na kila lori likafungwa kisanduku kidogo cheusi kilichoongea na setilaiti. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na ramani ya barabara yote ya kaskazini, na kila gari lilikuwa pembetatu ndogo ya kijani inayotambaa. Kompyuta ilipanga gari lipi lipakie wapi na lirudi na nini. Magari yakaacha kurudi matupu, na mafuta yakaacha kupotea njiani. Sisi watoto tuligombania kutazama zile pembetatu kama sinema.

Miezi michache baadaye meneja akaamuru redio zitolewe kwenye malori. Si gari linaonekana lilipo, alisema, mbona lipigiwe kelele? Mama hakufukuzwa. Aliwekwa getini kuandika magari yanayoingia na kutoka, na redio yake ikafunikwa gunia ndani ya stoo. Wiki ile ya kwanza alikuwa akifika nyumbani akiwa kimya, nikimwongelesha anashtuka.

Mke wa jirani alihama dirisha. Sasa alisimama kwenye mlango wa kijana wa kompyuta, na kijana akamgeuzia kioo.

"Mzee wako ndiye huyu, mama. Ameshapita Kainuk."

"Na anasema nini?"

"Hasemi kitu. Anatembea tu."

Ilikuwa msimu wa mvua jirani alipoondoka mara ya mwisho. Namkumbuka asubuhi ile akinawa uso kwenye karai nje ya mlango, akituimbia sisi watoto tuliochelewa shule ati mwalimu ametengeneza kiboko kipya. Alikuwa amepakia maharagwe ya Bungoma, na garini alikuwa na tanboi, msaidizi wake, kijana wa Endebess.

Keshokutwa yake jioni pembetatu ya Saba ilisimama mahali barabara inapokata mto. Hakuna aliyeshtuka. Madereva husimama. Asubuhi ilikuwa bado imesimama, na mke wa jirani aliambiwa, "Amesimama, pengine anangoja maji yapungue." Akaridhika, akaenda kuuza mandazi. Mchana ule tanboi akafika yadini akiwa amebebwa na lori la watu wengine, miguu mitupu, shati limeraruka. Mama alikuwa getini. Yeye ndiye aliyemwona kwanza, na alipomwona peke yake akakaa chini pale pale kwenye kokoto.

Tanboi alisema kulikuwa kukavu. Mbingu nyeupe, mto mchanga mtupu. Waliingia, na walipofika katikati gurudumu likazama. Wakashuka, wakachimba, jirani akapanda tena kujaribu kulitoa. Ndipo wakasikia mngurumo, na maji yakaja yamesimama kama ukuta. Jirani alimpigia kelele kutoka dirishani, "Toka! Kimbia wewe!" Kijana akakimbia, akashika mti. Alipogeuka, lori lilikuwa linabingirika.

Walilikuta mbali chini ya mto, limejaa mchanga hadi dirishani, mlango wa dereva wazi. Ndani hakukuwa na mtu. Watu wa kule walimtafuta ukingo wote, polisi pia, na kaka yake alitoka Bungoma akatembea kwenye mchanga ule hadi viatu vikaisha. Hawakupata hata kofia.

Lakini kwenye kioo lile gari halikubingirika. Kisanduku kilikuwa kimekufa majini, na mashine ikabaki kuonyesha mahali pa mwisho, pembetatu katikati ya mto, na kando yake neno moja la kwamba limesimama. Mke wa jirani aliendelea kwenda kila asubuhi. Kijana wa kompyuta hakuwa na moyo wa kumfukuza. Aligeuza kioo, yeye akatazama, akatingisha kichwa kama mtu aliyesalimiwa, akaondoka. Nyumbani alikuwa akibakisha chakula. Niliona mrenda ukikauka sufuriani ukawa kama gundi, na watoto wake wakiambiwa wasiguse.

Mimi nikaanza kuogopa kile chumba. Nilipita mbali nacho. Nililala nikimwona jirani ameketi ndani ya lori katikati ya maji, mikono kwenye usukani, akingoja mtu amwambie avuke au asivuke.

Msimu ule ukaisha, mahindi yakavunwa, na kaka yake akaja tena. Walikaa kwetu kwa sababu mke wa jirani hakutaka kuongelea mambo hayo kwake, mbele ya watoto. Nilikuwa nachambua sukuma wiki mlangoni.

"Shemeji, tumengoja vya kutosha," kaka alisema. "Nyumbani wanataka tumuzike."

"Mutazika nini?"

"Shina ya mgomba. Si unajua ndivyo tunafanya mtu akipotea. Tukimuacha hivi, hata yeye hatapumzika."

"Mgomba?" Hakupandisha sauti. "Mimi nizike mgomba, na bwanangu yuko kwa kompyuta amesimama? Nimemuona leo asubuhi."

Kaka alimtazama mama. Mama alitazama mikono yake. Kisha akainuka, akajifunga kitenge, akasema, "Twende." Nikawafuata, hakuna aliyenikataza.

Ofisini mama alimwambia kijana wa kompyuta, "Mwambie ukweli. Yote."

Kijana alisimama. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomdhania. "Mama, huyu si yeye," alisema. "Hapa ni mahali kile kisanduku kiliongea mara ya mwisho. Tangu siku hiyo kimenyamaza. Ningekuwa nimeifuta hii alama, lakini ulikuwa unakuja, na mimi nikaogopa."

Mke wa jirani alisogea karibu na kioo kuliko alivyowahi kusogea. Aliweka kidole juu ya ile pembetatu, polepole, kama mtu anayepima joto la uso wa mtoto.

"Kwa hivyo hapa hakuna mtu."

"Hakuna, mama."

Halafu akamgeukia mama yangu. "Dada, mwite."

Mama alijua, kama sisi sote, kwamba lile lori halikuwa na redio tena, na kwamba lenyewe lilikuwa chuma ndani ya mchanga. Hakusema. Aliomba ufunguo wa stoo. Tuliibeba redio wote watano hadi kile chumba chake cha mabati, kijana wa kompyuta akaunganisha nyaya, na mke wa jirani akatoka nje, akazunguka, akasimama dirishani mahali pake pa zamani.

Ule mchachatiko ulipoanza mama alivuta kiti, akabonyeza kitufe.

"Saba, Saba, hapa Kitale. Unanipata?"

Mama aliachilia kitufe. Tukasikiliza. Niapishe kwa chochote unachotaka kwamba nilisikia mtu akivuta pumzi, na huenda ilikuwa kaka yake aliyesimama nyuma yangu. Akaita tena. Akaita ya tatu, na sauti ikamkatika katikati, akaimaliza kwa kunong'ona.

"Sawa, Saba," alisema mwishowe. "Nimekukosa."

Hakuongeza lingine. Alizima. Mke wa jirani alipiga yowe moja tu, refu, la kwao, na wapakiaji wote uwanjani wakaweka magunia chini.

Walimzika Bungoma Jumamosi iliyofuata. Shina la mgomba lilivishwa shati lake jeupe la kanisani, likalazwa kwenye jeneza kama mtu, na mchungaji akaliombea kama mtu. Tulikula ugali na kuku, watu wakasimulia vituko vyake, hata tukacheka. Mjane hakurudi Kitale. Mlango uliotazamana na wetu ukapangishwa kwa fundi wa baiskeli. Mama naye hakukaa sana pale getini. Kama alijilaumu, au aliwalaumu, au aliamini kwamba mto ule ungemchukua jirani hata angekuwa na redio kumi, sijui. Nilimuuliza mara moja nikiwa mtu mzima. Alinijibu kwamba siku hiyo hakuna dereva aliyekuwa akirudi upande ule, kwa hivyo labda hata yeye asingejua habari ya mvua. Kisha akasema "labda" tena, na tukaliacha hapo.

Siku hizi barabara ile ni lami, mto una daraja, na kila dereva ana simu mbili. Hakuna mtu wa redio. Ukimwambia kijana wa leo kwamba mji mzima wa malori uliwahi kuendeshwa na mwanamke mmoja, chaki na jiko la makaa, anakutazama kwa huruma. Mimi sina hamu ya kurudisha zile siku. Ila sauti zile, zote zile zilizopita masikioni mwangu nikila githeri, ziliishia hewani. Safari za Saba kompyuta ilizihifadhi, mwendo wake, mafuta yake, kila alipopumzika. Alivyoongea hakuna aliyehifadhi.

Baada ya harusi niliteremka Bungoma kumwona mjane. Nywele zimekuwa nyeupe. Kifungua mimba wake anaendesha trela kwenda Kampala, na kwanza nilishindwa kumtazama aliponieleza hilo.

"Alikuwa ananitumia ile ramani kwa simu, ati nione mahali amefika," aliniambia akinimiminia chai. "Nikamwambia, wewe, usinionyeshe. Nipigie."

Tulikuwa bado tunakunywa simu ilipolia. Aliiweka sikioni, hakusema hata halo. Nilisikia sauti ya mwanamume ikiongea upesi upesi juu ya foleni ya magari mpakani, na mvua, na kitu alichokula. Yeye alifumba macho. Mwanawe akaaga, akakata. Mjane akabaki na simu sikioni, kama alivyosimama zamani pale dirishani, chai yake ikipoa, na mimi nikangoja pamoja naye.