Kucha ya Tano

Shangazi yangu alimshona mnyama mmoja kwa miaka ishirini na sita, mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwona: kichwa na mbawa za tai, mwili wa simba. Katika hadithi za kale alilinda dhahabu, ndiyo maana jeshi likamweka kwenye bega la kila askari. Shangazi alikuwa akimcheka, anasema nusu ndege nusu simba haolewi kokote.

Karakana yetu ya kushona beji za jeshi ilikuwa na sheria moja: mguu wa mnyama ulioinuliwa uwe na kucha nne. Msimamizi alizihesabu kwa kioo cha kukuzia. Mimi, niliyekaa ubavuni mwa shangazi, nilirudishiwa beji nyingi. Yeye hakurudishiwa hata moja.

Mwanawe wa pekee alipochukuliwa jeshini, shangazi alimshonea beji yake mwenyewe nyumbani, akaongeza kucha ya tano ili mnyama amlinde zaidi. Aliniambia kwa kunong'ona, kwa aibu, maana hakuwa mtu wa hirizi. Nilimtania kwamba amezaa mnyama kilema. Najuta utani ule mpaka leo.

Kisha barua za kijana zikakoma. Kila shangazi alipokwenda kuuliza jeshini, aliambiwa kijana hajambo, ni mawasiliano tu yanasumbua. Aliamini kwa kuwa alitaka kuamini. Mimi sikuamini, nikafyata mdomo.

Kazi yetu nyingine ilikuwa kufumua. Sare kuukuu zililetwa kwa magunia, zimeshafuliwa. Tulitoa beji, tukatia viraka, zikavaliwa na wengine. Waliozivaa mwanzo wako wapi, hatukuuliza, na hilo ni kosa letu sote. Asubuhi moja shangazi alitoa shati guniani, akaligeuza bega, mkasi ukasimama. Alihesabu kwa kidole. Akahesabu tena. Nami nikahesabu.

Msimamizi alikuja kuona kwa nini tumeacha kazi. Akaweka kioo chake juu ya beji.

"Hii ina kasoro," alisema. "Kucha tano. Nani kashona?"

"Mimi," shangazi alijibu. "Na aliyeivaa ni mwanangu."

Msimamizi alishusha kioo, asijue pa kukiweka. Shangazi alilitandaza shati mezani, akainyoosha kola taratibu, akapitisha kidole kwenye tundu la kifuani.

"Na hapa, bosi," aliuliza, "nitie kiraka cha ukubwa gani?"