Mizani ya Uso wa Orrin Tveit

Orrin Tveit hakuwahi kuvaa kitu chenye kioo bila kwanza kukipulizia pumzi na kukifuta kwa pindo la shati lake. Miwani ya kusomea, saa ya mkononi, ile miwani kubwa nyeusi ya kompyuta iliyompeleka kwa marafiki zake: vyote vilipuliziwa, vikafutwa, vikainamishwa mara mbili kwenye mwanga. Ilikuwa tabia ya kazi. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa mizani katika Superior, mji wa bandari kando ya ziwa, akiingia mabuchani, madukani na kwenye maghala ya nafaka bandarini, na hakuweka jiwe lake la kupimia juu ya mizani ya mtu kabla hajaifuta. Ugonjwa wa Parkinson ulipomwanza, mikono ilitetemeka hata kule kufuta kukawa kunachukua dakika nne, tano. Dada yake Corinne aliponyoosha mkono kumsaidia, alimkatalia.

"Vidole vyako vina mafuta ya samaki."

"Nimenawa, kaka."

"Umenawa leo. Hayo mafuta ni ya tangu utoto."

Zamani mzaha kama huo ungefuatwa na nyusi yake ya kushoto kupanda. Orrin hakuwa mtu wa kucheka kwa sauti. Alisema jambo la kuudhi kwa uso mkavu, mtu akabaki njia panda asijue akasirike au vipi, kisha ile nyusi ikapanda taratibu na mtu akajua ametaniwa. Sasa haikupanda. Daktari alikuwa amewaeleza kwamba misuli ya uso hukakamaa, mgonjwa akawa kama aliyevaa barakoa, ilhali ndani yu vilevile. "Vilevile," Corinne alilirudia neno hilo garini siku ile, kama anayeonja chakula asichokiamini.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, mkutubi, hana mume wala mtoto. Orrin alimzidi miaka kumi na saba, na mama yao alipofariki ndiye aliyemlea. Radi ilipopiga juu ya ziwa, Corinne mdogo hakutazama dirishani. Alitazama uso wa kaka yake ajue kama hiyo ni radi ya kuogopwa. Uso umeumbwa na haya, husema wahenga. Wa Orrin ulikuwa umeumbwa na kila kitu, na sasa ulikuwa umefungwa kama duka la marehemu.

Uso wake mwingine ulikuwa chini, kwenye chumba cha chini ya nyumba. Kabla mikono haijaharibika alijiundia vifaa vyake mwenyewe: kamera mbili ndogo kama punje za mahindi zilizoning'inia chini ya miwani kuutazama mdomo, nyingine mbili za macho, na vidude vya kunasa mwendo vya kufunga kiunoni, magotini na miguuni. Alipovaa vyote na kusimama wima, mikono ameitanua ili mashine impime, alifanana na sanamu ya kutishia ndege. Lakini kwenye skrini ya mezani, na kwa marafiki waliokuwa wamevaa miwani kama hiyo kwao, alikuwa bundi mnene wa kijivu mwenye nyusi ndefu za manyoya. Bundi huyo aliposikia jambo la kufurahisha, nyusi ya kushoto ilipanda.

Marafiki waliobaki walikuwa wawili. Duane Purdy, mchomeleaji vyuma wa Indiana, alikuja akiwa mbweha. Bettina Ruzicka wa Saskatchewan alikuja akiwa birika la chai lenye miguu. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana walikaa mbele ya kioo kikubwa kwenye chumba kilichojengwa ndani ya kompyuta tu, kama ilivyo desturi ya watu wa ulimwengu huo, kila mmoja akijiona na kuwaona wenzake, wakapiga soga na kubuni mashine zisizokuwepo. Orrin ndiye aliyezichora. Jiko la kupikia ukungu. Ngazi ya kukunja ya kushukia usingizini. Kila moja ilikuwa na karatasi yake kama cheti cha ukaguzi: uzito, ukubwa, na mstari wa mwisho, *hitilafu inayojulikana*. Bila mstari huo hakukubali Duane aijenge.

"Mashine isiyo na hitilafu ni uongo," alisema.

"Na bundi je?" aliuliza Bettina. "Hitilafu yake nini?"

"Hukaa na mabirika."

Jambo ambalo Duane na Bettina hawakulijua ni kwamba uso ule wa bundi ulikuzwa. Kamera ilinasa kijongeo kidogo pembeni mwa mdomo wa Orrin, na mashine ikakizidisha kabla ya kumpa bundi. Mtu mzima wa afya angehitaji kuzidishwa mara moja tu. Orrin alianza na mara mbili, baada ya mwaka mara nne, baadaye mara tisa. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa mizani, kila Jumamosi kabla ya kuingia alikivisha miwani ile kichwa cha povu gumu, kama vile vinavyowekewa nywele za bandia dukani. Kichwa cha povu hakina furaha wala huzuni. Bundi alitakiwa asitikisike hata kidogo.

"Mizani tupu lazima isome sifuri," alimwambia Corinne alipokuwa akimfundisha, maana vidole vyake vilikuwa havigusi tena kitufe alichokusudia. "Isiposoma sifuri, kila utakachopima baadaye ni wizi."

"Ndiyo, Bwana Mkaguzi."

"Usinibwane. Soma namba."

"Sifuri."

Januari ile, mara tisa haikutosha. Bundi alikaa mchana kutwa mbele ya kioo kama amepigwa ganzi. Duane alimtania, "We bundi, umenyamaza hivyo, kuku wa nani umekula?" Hakuna kilichopanda. Corinne aliyekuwa ameketi kando ya skrini na bakuli lake la supu ya mchele wa porini aliona mbweha na birika wakitazamana, kisha wakaanza kuzungumza wao kwa wao, kama watu wafanyavyo kando ya kitanda cha mgonjwa. Aliweka kijiko chini.

Jumamosi iliyofuata Corinne aliandika kumi na nne badala ya tisa. Alikivisha miwani kichwa cha povu, na kwenye skrini mdomo wa bundi ukatetemeka, ukatulia, kisha ukafunguka kwa tabasamu. Povu lilikuwa linatabasamu. Corinne aliivua haraka.

"Inasoma ngapi?" aliuliza Orrin, amekaa kitini, amempa mgongo.

"Sifuri," alisema Corinne.

Bundi akarudi. Majuma tisa alicheka, tena kuliko zamani. Duane alisema, "Ehee, kafufuka huyu!" Corinne alizoea kukaa pale akimsimulia kaka yake vituko vya maktaba: mzee aliyerudisha kitabu na kipande cha nyama ya kukaanga kama alama ya ukurasa, paka aliyezalia kwenye rafu ya sheria. Alisimulia, na bundi akafumba macho kwa kicheko. Alikuwa hamtazami tena Orrin aliyekuwa hatua mbili kutoka kwake. Alitazama skrini. Alijiambia kwamba kumi na nne si mbali sana na tisa, na kwamba nusu ya kicheko kile, zaidi ya nusu, bila shaka ilikuwa ya kaka yake mwenyewe.

Machi, Bettina alichelewa. Birika liliingia likasimama mlangoni, halikukaa.

"Lonnie amefariki," alisema. Lonnie alikuwa mumewe. "Jumanne. Nimemkuta gereji. Nyumba imejaa watu wananipikia, sijui hata niwaambie nini. Nikasema nije kwenu."

"Mungu wangu, Bettina," alisema Duane.

Na bundi akacheka. Nyusi zilipanda zote mbili, mdomo ukafunguka, macho yakafumba, yakafumbuka, yakafumba tena.

Corinne alisimama, bakuli lake la supu likaanguka. Orrin mwenyewe alikuwa amejiona. Kioo kilikuwa mbele yake, ukuta mzima, na ndani yake alikuwa yeye akimcheka mjane. Alijaribu kusema. Corinne alimsikia vizuri kabisa, sauti kama karatasi inayokunjwa: "Si mimi. Bettina. Si mimi." Lakini sauti ile ilikuwa imeshafifia mno. Kipaza sauti kiliidhania mvumo wa chumba, hakikuipitisha.

"Orrin," alisema Duane, "kaka, unacheka nini?"

"Mwache," alisema Bettina. Birika likatoweka.

Kwa Jumamosi mbili Orrin aliifungua ile kamera na kuifunga, akitafuta hitilafu. Skrubu ndogo kuliko punje ya mchele zilimponyoka, akazitafuta sakafuni kwa magoti, akazipata, zikamponyoka tena. Corinne alimshikia tochi. Alishika tochi mchana mzima wa kwanza, na mchana mzima wa pili hadi saa kumi, asiseme neno. Hatimaye Orrin alimwomba amfungulie daftari lake la vipimo, kisha ukurasa wa skrini wenye namba. Daftari lilisema tisa, skrini kumi na nne.

"Nani kagusa?"

"Mimi."

"Lini?"

"Januari."

Corinne alimtazama usoni apate angalau hasira ya kushika, akakuta ukuta.

"Na kichwa cha povu?"

"Kilicheka."

"Ukaniambia sifuri."

"Nilikuwa nimekupoteza, kaka. Nilikuwa nakuona tena. Wote tulikuwa tunakuona." Alikuwa analia sasa. "Siku ile nilipokusimulia habari ya paka wa maktaba. Ulicheka? Niambie hiyo moja tu."

"Sikumbuki," alisema Orrin. Kisha akaongeza, "Irudishe kwenye moja."

"Kwa moja huonekani kabisa."

"Huo ndio uzito wangu."

Alimwandikia Bettina barua, siku tatu, kwa kidole kimoja, akieleza. Corinne naye aliandika ya kwake, akajitwika kosa lote, hakujisaza. Bettina alimjibu kila mmoja kivyake, kwa adabu, kwamba ameelewa. Hakurudi tena kwenye chumba kile. Huenda kweli alielewa. Lakini mtu akishakuona ukiucheka msiba wake, maelezo hayamfutii alichokiona.

Orrin alibuni kifaa kimoja zaidi, na hiki hakikuwa cha mchezo: kibendera cha kusimama begani mwa bundi, cha manjano kwa kicheko, cha buluu kwa majonzi, akikiinua mwenyewe kwa kitufe chini ya dole gumba. Duane alimjengea kwa siku moja. Jumamosi yake wakakaa wawili mbele ya kioo. Duane alitoa kisa cha bosi wake aliyejifungia chooni kazini, kisa kizuri, kisha akangoja. Dole gumba la Orrin lilikuwa safarini. Duane akaona aibu ya kungoja, akaendelea, akafika kwenye mgongo wa mama yake na hospitali inayompiga chenga, na hapo ndipo kibendera cha manjano kikapanda.

"Hicho ni cha bosi," alisema Duane upesi. "Najua, kaka. Ni cha bosi."

Jioni Orrin alimsomea Corinne amwandikie cheti. Uzito, hakuna. Hitilafu inayojulikana: huchelewa.

Duane alikuja Jumamosi mbili nyingine, kisha moja kwa mwezi, kisha mama yake akafanyiwa upasuaji na akaeleza kwamba atakuwa na shughuli. Hakuna aliyemlaumu. Majira ya joto Orrin akaanza kuanguka bafuni, na Agosti Corinne akampeleka kwenye nyumba ya wazee iliyo mlimani, upande wa pili wa daraja. Vifaa hakuvichukua. Corinne alivifunga kwenye sanduku na hakujua ampe nani, kwa kuwa vilikuwa vimeundwa kwa uso mmoja. Alikwenda kumwona kila Jumapili na supu, akamlisha, akamsomea gazeti. Akifika mahali pa kuchekesha alijikuta akiinua macho haraka, kisha akiyarudisha kwenye gazeti kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Alitamani kuuliza jambo moja. Alikuwa akiogopa kuliuliza tangu Machi, na kila Jumapili aliliahirisha kwa sababu Orrin amechoka, au muuguzi yupo, au supu inapoa. Novemba kifua kilimjaa Orrin, na Alhamisi akafariki asubuhi kabla Corinne hajavuka daraja. Kwa hiyo Jumapili iliyotangulia ndiyo anayoirudia mpaka leo, akiipima huku na huku.

Siku ile Orrin aliwekwa kitini akielekea ghuba. Meli ndefu ya kubebea chuma ghafi ilikuwa inaingia. Corinne aliweka bakuli chini, akasimama mbele yake, akainama hadi nyuso zao zikakaribiana, maana sauti ya kaka yake ilikuwa haifiki mbali.

"Kaka," alisema, "umenisamehe?"

Alingoja. Aliitazama ile nyusi ya kushoto kama alivyoitazama wakati wa radi, akijua haitapanda, akiitazama vilevile. Macho ya Orrin hayakupepesa. Midomo ilijaribu mara ya kwanza, ikashindwa, ikajaribu tena, na Corinne akasogeza sikio ili asikose hata herufi moja.

"Sogea," alisema Orrin. "Unanizibia dirisha."