Mwenye Gari Alikuja Alhamisi

Sikuambii nilichosimuliwa. Nakuambia nilichokiona kwa macho yangu haya mawili, mchana, jua likiwaka, spana mkononi, na sijanywa kitu zaidi ya chai. Watu wakisikia habari za wafu hudhani lazima kuwe na giza na bundi. Wangu alikuja saa tisa alasiri. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize.

Mimi ni fundi magari. Nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, kwa wazazi waliotoka Maniema, Kongo, na pale Buyenzi tulishika nyundo kabla hatujashika kalamu. Mwaka wa tisini na tano mtaa wetu ulipovamiwa, nilikimbia na nguo nilizovaa. Mke wangu, Zaituni, alikuwa amekwenda kumchukua mama yake, barabara tatu kutoka kwetu. Aliniambia, "Tangulia, tutakutana kwenye lori." Nikatangulia. Lori likaondoka nami ndani huku nikipiga mabati kwa ngumi ili lisimame. Halikusimama. Miezi michache baadaye nilikuwa Malawi, kambi ya Dzaleka, na kila mgeni aliyeshuka pale nilimuuliza kama amemwona mwanamke mwenye kovu la moto mkono wa kushoto.

Kambini nilipewa nafasi katika jengo la zamani la matofali. Mlango wa chuma, dirisha dogo juu kabisa karibu na paa. Sikujiuliza lilikuwa jengo la nini. Mkimbizi ukipata pa kulala unaanza kuuliza maswali? Unatandika mkeka.

Kazi niliipata kupitia jirani yangu Mkongomani wa Kindu, aliyekuwa akiuza sabuni na chumvi pale kambini. Siku moja aliniita.

"Fundi, kuko mama moja kule Lilongwe, Area 23. Iko na voiture, gari ya zamani sana, bafundi ba kule banakataa. Anajua Kiswahili kidogo. Enda, utaona."

Nikaenda. Mama mwenyewe alikuwa Amayi Esinati, mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye kuongea kidogo. Kiswahili alikipata Mbeya, ambako baba yake alifanya kazi yeye akiwa msichana. Nyuma ya nyumba alikuwa amejengesha kibanda cha mabati. Akavuta magunia ya mahindi, nami nikaliona.

Gari dogo la mbio la Kiingereza. Viti viwili tu, boneti ndefu, rimu za spoki, na juu halina paa ila turubai lililooza. Kaka yake alilificha zaidi ya miaka ishirini katika banda la kukaushia tumbaku huko Dowa. Panya walikuwa wamekula viti. Kwenye kiti cha abiria kuku alikuwa ameatamia mayai yake, akinitazama kwa dharau. Niamini, nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Tangu niondoke kwetu mikono yangu ilikuwa haijatamani kitu chochote, na siku ile ilitamani.

"Mwenye gari yuko safarini," Amayi aliniambia. "Nataka akirudi alikute linatembea. Aliniahidi tutakwenda nalo Salima, ziwani."

"Atarudi lini?"

"Akirudi," alisema, akaingia ndani.

Tukakubaliana. Jumatatu hadi Alhamisi nilikaa pale kibandani, Ijumaa nilirudi kambini kuswali na kutazama walioshuka wiki ile. Jioni Amayi alipakua nsima, ugali wa kwao, sahani tatu. Moja yake, moja yangu, ya tatu aliifunika. Mimi nikadhani ni mwanamke mkarimu anayetegemea wageni.

Sasa nikueleze kawaida yetu, maana ndiyo iliyonifikisha nilipofika. Buyenzi, gari likiletwa kufufuliwa, kila utakachokikuta chini ya viti, hata pini ya nywele, unakitia kwenye kopo na kumkabidhi mwenyewe mkononi. Na siku ya kuliwasha, ufunguo hauugusi wewe fundi. Anawasha mwenyewe. Aliyevunja hayo alichekwa mtaa mzima, na bwana aliyenifunza kazi angeweza kukufukuza kwa hilo tu.

Nilianza na injini. Pistoni zilikuwa zimeganda, hivyo nilitoa plagi, nikamimina dizeli na mafuta ya breki matunduni, nikaziacha zilowe. Kuku nilimhamishia kwenye boksi pembeni, yeye na mayai yake. Yule kuku alikuwa na kichwa kigumu. Ungegonga nyundo sentimita kumi kutoka mdomoni mwake, asingetikisika.

Alhamisi ile ya kwanza, Amayi alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani, kama kila Alhamisi. Nilikuwa nimeinama ndani ya boneti. Nikamwona kuku amesimama, akaacha mayai, akatoka nje. Kisha nikasikia sauti nyuma yangu.

"Unaanzia kwa moteri. Njo vizuri. Benye haraka banaanzaga na rangi."

Nikageuka. Mzee mrefu, mwembamba, kaptura nyeupe na shati jeupe la kitambaa kigumu. Nikadhani ni mpishi wa mahali fulani. Alikuwa peku, na kwa kuwa najua unasubiri kwato, nikuambie wazi kwamba nilimtazama miguu. Ilikuwa miguu ya mtu, yenye vumbi.

"Mzee, we njo nani?"

"Mi njo mwenye gari."

"Karibu sana! Amayi anasema uko safari. Unakaa wapi?"

"Dzaleka."

"Dzaleka! Na mi nalala kule!"

"Najua," alisema. "Kile chumba chenu, mvua ikinyesha, maji inapita kwa kona."

Ilikuwa kweli, maji yalipita. Je, nilishtuka? Hata kidogo. Alikuwa akizungumza Kiswahili cha kwetu, kile kile cha vibarazani Buyenzi, na mimi nilikuwa na kiu nacho kiasi kwamba sikuuliza alikipata wapi. Hesabu zangu nilizipiga haraka. Mzee huyu ana nyumba ndogo huko Dowa, karibu na kambi, na mke mkubwa anadanganywa kwamba yuko safarini. Anakuja Alhamisi kwa sababu Alhamisi mke hayupo. Hayo ni mambo ya wanaume, na mimi ni mgeni katika nchi ya watu. Nikafunga mdomo.

Akawa anakuja Alhamisi baada ya Alhamisi. Alikaa juu ya tairi, akaniambia waya gani umekatika na wapi. Gari lenyewe hakuligusa hata mara moja. Nilikata gasketi kwa kadibodi, nikachokonoa vyuma chakavu vya soko la Mchesi mpaka nikapata boya la kabureta lililokaribia kufaa, na kila nililofanya nilitamani alione. Tuliongea habari za magari, za chakula, za wake. Nilimweleza kuhusu Zaituni na lori. Alisikiliza bila kunikatiza. Nakiri kwamba nilianza kuingoja Alhamisi tangu Jumatatu.

Siku moja alinyoosha kidole sakafuni mwa gari.

"Chini ya tapis, upande wa bibi, kuko hereni. Aliniomba niitafute. Nikamwambia nimetafuta, haiko. Nilidanganya. Nilikuwa na kasirani ya bure. Asubuhi yake njo nikaenda hii safari."

Nikainua zulia lililooza. Hereni ilikuwapo, ndogo, ya dhahabu, imeshikwa na kutu ya sakafu. Nikaitia kwenye kopo.

"Sasa kwa nini usiingie ndani umwambie mwenyewe?"

"We utamwambia," alisema.

Basi, wiki ya saba, Jumatano jioni, Amayi aliifunua ile sahani ya tatu na kuisukuma kwangu. "Kula, fundi. Leo nimechoka. Labda amenisahau." Akageuza uso ukutani, mabega yakitikisika.

Wewe ungenyamaza? Mimi nilishindwa. Niliwaza kwamba pengine Zaituni naye amekaa mahali fulani amegeuza uso ukutani. Nikasema, tena kwa furaha, kama mtu anayeleta zawadi, "Amayi, hajakusahau! Mzee yuko karibu tu. Yuko Dzaleka. Tunaongea naye kila Alhamisi."

Sahani yake mwenyewe, aliyokuwa bado ameishika, ikamponyoka. Akaketi chini pale pale, juu ya nsima.

"Fundi," alisema polepole, "wewe Dzaleka unaijua ni nini?"

"Si kambi yetu?"

"Kabla yenu."

Akanieleza. Kabla ya wakimbizi, Dzaleka ilikuwa jela, na wafungwa wake walivalishwa kaptura na shati jeupe. Ukisikia mtu kapelekwa Dzaleka, ulishusha sauti. Mumewe alikuwa karani kwenye mnada wa tumbaku, na gari alilinunua kwa Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao. Jioni moja kilabuni alisema neno kuhusu wakubwa wa wakati ule. Asubuhi wakamchukua.

"Nilikwenda getini mpaka walinzi wakanijua jina. Hawakunipa mtu. Hawakunipa maiti. Hawakunipa hata shati lake. Nitamliliaje mtu ambaye sijaambiwa amekufa?" Kisha akaniuliza, "Anaongea na wewe lugha gani?"

"Kiswahili."

"Mume wangu hakujua hata neno moja la Kiswahili. Alikuwa ananicheka nikikiongea."

Nikaenda kuleta lile kopo na kulimimina kiganjani mwake. Pini mbili, kifungo, na hereni.

"Alisema ameitafuta," alinong'ona.

"Alidanganya, Amayi. Amekiri mwenyewe. Anasema alikuwa na hasira za bure."

Akacheka. Wallahi, alicheka huku machozi yakimtoka, na hapo nikajua ameniamini.

Kesho yake hakwenda kanisani. Alivaa gauni lake zuri na hereni zote mbili, maana ya pili alikuwa ameitunza, akaja akaketi kwenye kiti cha abiria. Rangi ilikuwa bado, gari zima limejaa mabaka ya msasa. Nilikuwa nimeazima betri na kutia nusu lita ya petroli.

"Kawaida yetu anawasha mwenyewe," nilimwambia.

"Basi mwachie mwenyewe."

Nikachomeka ufunguo, nikarudi nyuma hadi mlangoni. Tukangoja. Kuku akasimama na vifaranga vyake, wakatoka nje kwa mstari.

Alikuwa ameketi kwenye usukani. Amayi hakumwona, nilimtazama macho na najua hakumwona. Lakini alisogeza goti lake, vile mke anavyosogea mumewe akitaka kuingiza gia.

Mzee akanigeukia.

"Fundi, umenifanyia kazi. Na we uko na mtu unamutafuta. Niambie jina yake sasa. Nitakuambia kama iko kwetu, ao haiko."

Fikiria. Nimeuliza kila aliyeshuka kwenye kila lori. Nimeuliza Warundi, Wakongomani, madereva, maaskari wa mpakani. Na huyu hapa, mmoja ambaye alijua. Nilihitaji kutamka jina moja tu. Mdomo niliufungua, niamini. Kisha nikamwona Zaituni akifunga kitambaa chake, akisema tangulia, na nikawaza, huyu mzee akijibu kwamba yuko kwao, mimi kesho nitaamka niwe nani?

"Mzee, acha," nilisema. "Usiniambie."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakunilaumu.

Ufunguo ukazunguka. Mikono ya Amayi ilikuwa mapajani, yangu ilikuwa imeshika mlango. Injini ikakohoa mara mbili, ikashika. Gari zima likatetemeka, mabati ya kibanda yakatetemeka nalo. Amayi alifumba macho na kuinua uso kama aliyepata upepo. Sijui walifika wapi. Labda Salima. Injini ilinguruma mpaka nusu lita ikaisha, ikazima yenyewe, na kiti cha dereva kilikuwa kitupu, sponji yake mpya ikiinuka polepole.

"Amekwenda," alisema Amayi.

Jumamosi iliyofuata aliweka msiba. Wanawake wa kanisani waliimba, naye akaketi chini, mjane sasa, akamlilia mumewe kwa sauti baada ya miaka yote ile. Tangu hapo alipakua sahani mbili.

Na mimi? Nilirudi Dzaleka, nikahamisha mkeka wangu kwenye kona inayopita maji. Ndevu zimekuwa nyeupe sasa na bado niko hapa. Nimepoteza kazi nyingi nzuri za mjini kwa sababu Alhamisi sifanyi kazi. Alhamisi alasiri nakaa kwenye kona ile na jina liko tayari mdomoni. Hajaja. Atakujaje? Alichokuwa anakingoja amekipata, nami ndiye niliyempa, kwa mikono yangu. Kazi yangu niliifanya vizuri mno.

Wenzangu wananiambia nioe. Sheikh ananiambia nimfanyie Zaituni dua ya marehemu. Siwezi kuoa mke wa pili nikimwibia wa kwanza ambaye labda yu hai, na siwezi kumlilia mtu ambaye sijaambiwa amekufa. Maneno ya Amayi yamekuwa yangu.

Kwa hiyo wewe, siku ukikutana na mtu mchana kweupe anayezungumza lugha yako mahali isipozungumzwa, naye akakuambia uulize, uliza. Magoti yakigongana, uliza hivyo hivyo. Usijione mjanja kama mimi.

Na kama umewahi kumwona mwanamke mwenye kovu la moto mkono wa kushoto, anaitwa Zaituni, mwambie nilipiga mabati na lori halikusimama. Mwambie nipo Dzaleka.