Nilivyofunga Maji ya Kaka Yangu

Admin, naomba jina langu lifichwe kabisa. Same ni mji mdogo, na wanafunzi wangu wanausoma ukurasa huu kuliko madaftari yao. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwalimu wa kompyuta hapa mjini, kwetu ni milimani, upande wa Suji. Mkinisema, nisemeni taratibu, maana nimeshajisema vya kutosha.

Tulizaliwa watatu. Kaka yetu mkubwa, nimwite Eli, alikuwa mwalimu wa hesabu. Baba yetu ni mkulima, na kwa miaka mingi ndiye aliyesimamia zamu za ndiva, lile bwawa letu la asili ambalo maji hujikusanya usiku na asubuhi hufunguliwa kwenda mashambani, kila mtu kwa siku yake. Baba na Eli hawakuelewana. Baba alitaka mwana wa kushika jembe, Eli akashika kompyuta. Wakikutana ni "Shikamoo Baba," "Marahaba," basi, kila mtu anatazama ukuta wake.

Kisha Eli akatengeneza ndiva ndani ya kompyuta ili afundishie wanafunzi hesabu za mgao. Alitumia lugha ya programu ya zamani iliyofanya kazi ndani ya brauza kwa plagini, yaani kijiprogramu unachokiongeza kwenye brauza ili iweze jambo isiloliweza peke yake. Ukifungua unaona ndiva, mifereji na mashamba. Ukibonyeza lango, maji yanashuka. Na uzuri wake, uliweza kubadilisha programu huku maji yanatembea.

Baba alipoiona mara ya kwanza alicheka kwa dharau. "Mfereji huo umeuchora wewe au mlevi? Pale kwenye jiwe unakata kushoto!" Eli akaandika kidogo, maji yakakata kushoto palepale. Baba akavuta kiti. Tangu siku hiyo, kila likizo walikaa pamoja, mmoja anasahihisha, mwingine anaandika, wanagombana kwa raha mpaka chai inapoa. Eli akajigawia shamba dogo la mahindi humo ndani, zamu yake Alhamisi. Ukimfungulia, sauti yake inasema, "Asante Baba, maji yamefika." Usipomfungulia wiki mbili, mahindi yanakauka.

Eli akaugua figo. Laptop akaniachia mimi, na kwenye kava alikuwa amebandika karatasi: USI-UPDATE. Alinieleza kwamba brauza mpya zimeacha kupokea plagini, na kwamba akipona ataiandika upya yote. Hakupona.

Baada ya mazishi, Baba alianza kushuka mjini kila Alhamisi. Akifika kwangu hagusi hata maji ya kunywa. "Nifungulie ndiva." Anabonyeza kwa kidole kimoja, anasikiliza, anafuta macho kwa kofia yake, ndipo anaomba chai. Sijawahi kumwona Baba akilia mahali pengine popote, hata makaburini.

Mwaka huu miguu ikaanza kumsumbua, hawezi kushuka. Akanikabidhi. "Alhamisi mfungulie ndugu yako, usisahau." Nikawa nafungua. Halafu laptop ikawa nzito, inakwama kila dakika. Mimi, mwalimu wa kompyuta, nikaiona ile karatasi imechakaa, nikaibandua. Nikahifadhi faili la Eli kwenye flashi, nikafuta kila kitu, nikaweka mfumo mpya na brauza mpya. Nilijiona nimeitendea haki kumbukumbu yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi hilo guu nimelivunja kwa mkono wangu.

Alhamisi ikafika, nikafungua, nikakuta ukurasa mweupe. Faili lipo. Plagini na ile brauza ya zamani sikuzihifadhi, na tovuti iliyokuwa ikiitoa plagini haipatikani tena. Mafundi wawili wameshindwa. Hata sauti peke yake haichomoki, kwa sababu programu ile huweka kila kitu, michoro, maji na sauti, ndani ya faili moja ambalo inalisoma yenyewe tu. Nililia sakafuni kama siku ya msiba.

Jioni Baba akapiga simu. "Umemfungulia?"

"Nimemfungulia, Baba."

"Kasemaje?"

"Kasema asante, maji yamefika."

Akavuta pumzi, akaniombea baraka. Mwezi wa tatu huu, kila Alhamisi namdanganya mzee wangu na anaipokea kwa shukrani.

Mdogo wetu wa mwisho anajua. Sauti yake na ya Eli ni moja, hata shangazi zetu walikuwa wanawachanganya kwenye simu. Ameniambia, "Dada, chora ndiva mpya, mimi nirekodi yale maneno. Mzee hatajua." Nikaanza kuchora. Nikafika kwenye jiwe, maji yakakata kushoto, halafu nikakwama. Sijui mfereji waliouchora wao kwenye kompyuta unapita wapi baada ya hapo. Walioijua njia yote walikuwa wawili tu, na mmoja tumemzika.

Jana Baba amepiga simu hata siku yake haijafika.

"Mahindi ya ndugu yako yamefikia wapi?"

"Yanabeba, Baba." Sijui hata ulimi uliyatoa wapi.

Alicheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu Eli aondoke. "Huyo mvivu, kumbe angeweza kulima! Basi Alhamisi mdogo wako ananileta kliniki. Nitapita niyaone."

Ndugu zangu, kama yupo anayejua namna ya kulifungua faili lile, aandike hapa chini, nitamshukuru maisha yangu yote. Lakini Alhamisi iko karibu. Ninyi mngekuwa mimi mngefanyaje? Nimrekodi mdogo wangu, au nimkalishe Baba kwenye kiti kama kile alichokivuta siku ya kwanza, nimwambie kwamba mahindi ya Eli yamekauka, na aliyemfungia maji ni mimi?