Bakuli la Mwalimu Mkuu

Mimi ni mpishi wa shule ya msingi, kijiji kimoja cha Uyui karibu na reli. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikisimulia vibaya nivumilieni.

Shuleni kwetu mwalimu wa zamu anakula kwanza kuhakikisha chakula ni salama, watoto wanasubiri nusu saa. Siku ile zamu ilikuwa ya mwalimu wa darasa la kwanza, lakini mtoto wake alishikwa na homa. Mwalimu mkuu akamwambia, "Nenda nyumbani, zamu nitashika mimi." Ndivyo alivyo. Hata ndoo zangu za maji huwa ananipokea, nami naona aibu.

Asubuhi nilikuwa nimefungua gunia la mahindi la mchango wa wazazi. Lilinuka. Si uvundo, ni ukali fulani uliopanda puani. Nikajiambia ni tumbaku tu. Huku kwetu hata blanketi linanuka tumbaku. Nikayaosha mahindi mara tatu, nikabandika makande. Sikumwambia mtu. Nimwage chakula cha shule nzima kwa sababu ya pua yangu, nani angenielewa?

Mwalimu mkuu akaja na bakuli.

"Mama, leo unanipa ya kuonja au ya kushiba?"

"Ya kuonja, mwalimu. Ukishiba utasinzia ofisini."

"Basi jaza, nisinzie."

Nikajaza. Nisimpendelee: hapo na yeye alikosea, kijiko kimoja kingetosha.

Watoto walikuwa wamepanga mstari na sahani zao alipoanza kutoka jasho. Kisha mate, yanamwagika kama ya mtoto mchanga. "Msigawe," akasema. "Funikeni sufuria." Akaanguka kwenye benchi.

Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke. Zahanati, nesi akauliza, "Amekula nini?"

"Makande."

"Yalikuwa na nini?"

Nikanyamaza. Nakiri, sikuogopa kifo chake peke yake. Niliogopa polisi. Niliogopa na maneno ya watu, maana huku mtu akidondoka ghafla anatafutwa aliyemloga. Mwalimu mkuu akasema kwa shida, "Mama hana kosa. Nimekula mwenyewe." Huruma yake ndiyo ikanifunga mdomo zaidi.

Nesi akamfunua kope, akanigeukia. "Wewe mama! Nikikosea dawa huyu anakufa. Yalikuwa na nini?"

"Gunia lilinuka," nikasema. "Nadhani ni dawa ya wadudu ya tumbaku."

Hapo hapo akakimbilia sindano, akapiga simu lije gari la kumpeleka hospitali ya Kitete.

Alipona. Mzazi aliyeleta gunia naye hakuwa na nia mbaya: lilimwagikiwa dawa msimu uliopita, akalifua, likakauka, akaliona safi.

Juzi kulikuwa na kikao cha wazazi. Mwalimu mkuu alisimama, shati linampwaya. "Kosa ni langu," akasema. "Sikuweka mtu wa kukagua magunia."

Mzee mmoja wa nyuma akadakia, "Mwalimu, kila kosa lako! Mwisho utasema hata ukame umeuleta wewe!"

Watu wakacheka. Kikao kilikuwa kinaishia hapo, na mimi nilikuwa nimeokoka. Sijui nilisimamaje.

"Gunia nililinusa asubuhi," nikasema, "nikapika. Na kule zahanati niliulizwa mara mbili. Mara ya kwanza sikujibu."

Kicheko kikakatika. "Mbona hukusema?" akauliza mama mmoja. Nikamwambia niliogopa. Mwalimu mkuu alinitazama sana. Nadhani kwa hali aliyokuwa nayo siku ile, hilo la mara mbili hakulishika. Akainama, akaandika kitu kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini. Labda kilikuwa kizuri tu, labda mimi ndiye naona vibaya.

Wameniambia nisubiri nyumbani mpaka kamati iamue. Leo moshi wa jiko la shule nauona kutoka hapa mlangoni. Kuna mtu anapika, na sijui kama gunia amelinusa.