Jina Lako Likiitwa, Itika

Nakumbuka Jumamosi moja huko Kinoo, mwanangu, nywele zangu zikiwa bado nyeusi zote. Nilikuwa karani wa duka la vitambaa katikati ya Nairobi, na jioni nikijisomea kwa vitabu vya kuazima pamoja na wanafunzi wa chuo kimoja cha mjini. Wao ndio walionialika tukajitolee kuijengea sakafu chekechea ya Mwalimu Syombua, mama wa Kitui aliyefundishia watoto juu ya vumbi tupu. Watoto walikuwa wakikohoa, na wazazi walishaanza kuwaondoa mmoja mmoja. Bila sakafu, shule ingefungwa.

Simiti tulipewa na msamaria mwema wa Lavington, ikatosha sakafu hiyo tu, bila akiba. Nawe unajua tabia ya zege: ukishachanganya simiti, mchanga, kokoto na maji, halimsubiri mtu. Lori halikuweza kuingia kichochoroni, kwa hiyo tulichanganyia kando ya barabara, tukajipanga mstari hadi mlangoni mwa darasa, tukipitisha makarai mkono kwa mkono. Juu yetu mawingu yalikuwa yameshajikusanya.

Tulianza kwa kasi. Kisha mstari ukalegea katikati, kwa Otieno, kijana mrefu wa Kileleshwa, mtaa wa wenye nacho.

"Buda, hiyo karai si mtoto, haitaki kubembelezwa!" Njeri, mmoja wa wanafunzi wale, alimpigia kelele kutoka kwenye lundo la zege.

Tulicheka. Otieno naye akacheka. "Niko fiti," akasema.

Lakini alizidi kupunguza mwendo, na Njeri akazidi kukasirika. "Kama umechoka, si urudi Kileleshwa ukanywe chai!"

Mara hii Otieno hakucheka. Hakuna aliyecheka. Tukafanya kazi kimya, kila mtu na hasira zake, huku lundo likianza kukakamaa na tone la kwanza la mvua likinidondokea shingoni.

Mwalimu Syombua akatoka darasani, miguu mitupu, zege hadi magotini.

"Hii ni kazi ama ni matanga?" akauliza. "Mbona mmenyamaza hivi? Kwetu tuna mwethya: leo majirani wote wanalima kwangu, kesho tunalima kwako. Na marehemu mama yangu hakukubali mtu afanye kazi bila kuitwa jina. Nitaimba jina lako, nawe uitike kwa kuimba vile ulivyo. Ukweli mtupu. Na asibishiwe mtu."

Akaanza. "Njeri eee!"

"Nipooo! Makarai matupu hayarudi!"

Kumbe yalikuwa yamerundikana darasani, na walio ndani hawakujua kwamba walio nje wanayangoja. Yakarudishwa mara moja.

"Karani eee!" Huyo ni mimi.

"Nipooo! Mgongo unanililia!" Wakaangua kicheko, lakini jirani yangu akasogea karibu kunipunguzia kuinama.

"Otieno eee!"

Otieno akapokea karai lililofuata, macho chini. Mwalimu akamwita tena. Ndipo ikatoka sauti nzito, tamu, ambayo hatukujua anayo: "Nipooo! Viganja vimechubuka tangu asubuhi!"

Akavifungua. Vilikuwa vyekundu. Njeri akashika mdomo, kisha akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakipasua vipande viwili, akamfunga viganja.

"Si ungesema, wewe!"

"Ningesema, ungenituma Kileleshwa nikanywe chai."

Tulicheka hadi karai moja likakaribia kutuponyoka. Mwalimu akamtoa Otieno mstarini, akamfanya mwita majina. Mwanangu, kijana yule aliita! Alipomaliza kutuita sisi akaanza kuita wapita njia. "Mama wa nyanya eee!" Na mama huyo muuza nyanya akaitika, akafunga leso kiunoni, akaingia mstarini. Mvua ilipofungua milango tulikuwa tumeshamaliza kumwaga zege na kutandaza turubai juu ya sakafu nzima, maana paa lilivuja, tukacheza pale nje hadi tukalowa chapachapa.

Sasa nisikilize. Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo umeambiwa tangu utotoni. Mimi nakuongezea kwamba hata vidole kumi havitavunja kitu visipoambizana. Kazi ya pamoja haiharibiwi na mtu aliyechoka. Huharibiwa na aliyechoka anayesema "niko fiti", na huyo anayemcheka mpaka aogope kusema. Mficha maradhi kifo humuumbua. Basi sema mapema. Na kabla hujamlaumu mwenzako kwa uzito wa mkono, muulize mkono una nini.

Juzi nilipita Kinoo. Watoto walikuwa wamekaa juu ya sakafu ile ile, mwalimu wao kijana akiwaita majina kwa wimbo ule ule. "Nipooo!" kitoto kimoja kikaitika. "Sijanywa chai!" Na mwenzake wa kando akamegua mkate wake, akampa.

Mungu akupe mikono yenye nguvu, mwanangu, na jirani wa kukupokea karai kabla halijakuelemea. Na jina lako likiitwa, akujalie uitike kweli.